Gari limegoma kuwaka ghafla Mtumba: nibusti, ninunue betri au niite bredauni?

Binti wa Hombolo
Wakuu habari za mchana. Niko hapa Mtumba, mji wa serikali. Gari langu ni Toyota IST ya funguo, otomatiki. Asubuhi limenitoa Kisasa bila tatizo lolote, nikapaki. Saa nne natoka niende Nzuguni, nazungusha funguo nasikia "tak" moja, halafu kimya. Taa za dashibodi zinawaka, ila nikipiga stata zinazimika zote, nikiachia funguo zinarudi. Redio inaimba kama kawaida. Mafuta yapo nusu tenki.

Hapa maegesho kila anayepita ana lake. Mmoja anasema betri imekufa, ninunue mpya. Mwingine anasema ni stata, ile mota inayoanzisha injini, niite bredauni livutwe mjini. Mlinzi yeye anataka tusukume. Kati ya hayo lipi lina nafuu, hasa kwenye mfuko? Jua la Dodoma mnalijua na sina hata kivuli.

Dereva wa Area C
Pole dada. La kusukuma achana nalo kabisa. Otomatiki haiwaki kwa kusukumwa, kwa sababu pampu ya hydroliki ya gia inazungushwa na injini yenyewe, na injini ikiwa imelala gia hazishiki. Mtatoka jasho bure. Kusukuma ni kwa wenye manyuo: unaweka gia ya pili, gari likishika mwendo unaachia klachi.

Mimi ningebusti kwanza, yaani kuazima umeme wa betri ya gari jingine kwa waya. Waya za kubustia wanazo madereva wengi tu, na gharama yake ni soda au asante. Likiwaka umejua ni upande wa betri. Lisipowaka, hujapoteza kitu.

Kibaigwa Mahindi
Mimi sibahatishi. Nunua betri mpya, uendelee na safari zako. Leo utabusti, kesho unabusti tena, keshokutwa limekuzimikia usiku njia ya Mpwapwa. Joto la huku linaua betri haraka kuliko watu wanavyodhani. Ikishafika miaka mitatu, minne, mimi natoa bila kuuliza.

Fundi Umeme Nkuhungu
Jamani subirini kidogo, mnamtoa dada hela kabla hatujasikiliza gari. Bredauni, betri na stata huwezi kuvilinganisha bei wakati hujui ugonjwa. Na kwenye gari lililogoma kuwaka, sauti ile ya kwanza ukizungusha funguo ndiyo inakupa nusu ya jibu.

Ukisikia tik-tik-tik-tik mfululizo na taa zinafifia, betri haina nguvu. Solenoidi, ile swichi ya sumaku ya stata, inavuta, umeme unashuka, inaachia, inavuta tena. Hapo kubusti kunafaa.

Ukisikia "tak" moja nzito na taa zinabaki na mwanga wake uleule, mtuhumiwa ni stata yenyewe. Kaboni zimekwisha au solenoidi imeungua ndani. Mtu apige stata huku mwingine anaigonga taratibu kwa mpini wa nyundo. Likiwaka, lipeleke kwa fundi siku hiyohiyo, maana ujanja huo haudumu.

Ikiwa kimya kabisa, hata tak hakuna, usikimbilie betri. Otomatiki nyingi zinakataa kwa sababu gia haijakaa vizuri kwenye P. Kanyaga breki, weka N, jaribu tena. Kisha fyuzi, rilei ya stata (swichi ndogo ya umeme kwenye boksi la fyuzi), swichi ya funguo.

Na kama injini inazunguka vizuri kwa nguvu zake zote ila haishiki, betri na stata hazina kesi. Hapo tafuta mafuta au moto wa plagi.

Sasa ya dada ni nyingine kidogo: tak moja, halafu taa ZOTE zinazimika na kurudi. Mimi namba moja naweka mguso mbovu kwenye teminali za betri, pale vichwa vya waya vinapobana nguzo, namba mbili waya wa ethi, ule wa hasi unaoshuka kwenye bodi. Redio inakula umeme mdogo sana, kwa hiyo mguso mbovu unaitosha. Stata inataka ampea mia na zaidi kwa mkupuo, hapo ndipo mguso unashindwa na kila kitu kinazima.

Dada, zima swichi, fungua boneti, shika kichwa cha teminali moja moja ujaribu kukizungusha kwa mkono mtupu. Hakitakiwi kucheza hata kidogo. Utuambie umeona nini.

Mzee wa Kondoa
Nakubaliana na Fundi. Niongeze kwenye bredauni: kutoka Mtumba kuvutwa mpaka mjini utalipa hela ambayo ingemleta fundi umeme hapo ulipo, ukampa na nauli ya kurudi, na chenji ikabaki. Bredauni nairuhusu kwa gari lililopata ajali, gia iliyokufa au injini iliyojam. Gari lisilowaka tu, fundi alifuate.

Binti wa Hombolo
Asanteni. Nimefungua. Ya chanya ina unga mweupe umechanganyika na kijani, umevimba kama mkate, hata nati haionekani vizuri. Nikishika kichwa chake kinazunguka. Kuna mtu zamani alichomeka kipande cha bati la kopo ndani ili kibane! Ya hasi iko imara.

Kuna dereva wa Fuso amesimama barabarani anashusha saruji, anasema ana waya, ananibusti sasa hivi bure. Nimkubalie?

Mzee wa Kondoa
USIKUBALI. Mwambie asante sana. Malori ya namna hiyo kwa kawaida yana betri mbili zimefungwa pamoja zinatoa volti 24. Gari lako ni volti 12. Ukichomeka hivyo unaweza kuunguza kompyuta ya gari, altaneta (inayochaji betri), redio na taa kwa mpigo. Bure hiyo itakugharimu.

Anayekubusti awe na gari dogo kama lako. Na mpangilio wa waya uzingatiwe, watu wanauchukulia poa: nyekundu kwenye chanya ya betri iliyokufa, ncha ya pili kwenye chanya ya betri nzima. Nyeusi kwenye hasi ya betri nzima, na ncha ya mwisho USIIWEKE kwenye hasi ya betri iliyokufa, ishikize kwenye chuma cha injini kisicho na rangi, mbali na betri. Ile cheche ya mwisho ndiyo ya hatari, kwa sababu betri hutoa hewa ya haidrojeni inayolipuka. Gari lenye betri nzima liungurume dakika chache ndipo upige stata. Kutoa unarudi kinyumenyume. Na mwenye sigara asogee kule.

Fundi Umeme Nkuhungu
Safi mzee. Ila kwa dada kubusti kusubiri kwanza, tumeshamwona mwizi. Huo unga ni kutu ya asidi, haupitishi umeme vizuri. Na bati la kopo, Mungu anisamehe, mafundi wenzangu mnatuaibisha.

Tafuta spana namba 10, kwenye IST inatosha. Anza kulegeza HASI, halafu chanya. Ukianza na chanya, spana ikagusa bodi, utaona moto. Mwagia maji ya moto yenye magadi kidogo, unga utachemka na kuondoka. Yasiingie ndani ya betri. Macho na mikono ulinde, hiyo ni asidi. Kausha kwa kitambaa, sugua nguzo ya betri na ndani ya kichwa kwa msasa mpaka uone madini ya risasi yanang'aa. Toa hilo bati. Rudisha chanya kwanza, hasi mwisho, kaza mpaka visicheze. Paka grisi au vaselini kwa juu.

Kichwa kikiwa kimepanuka hakibani tena, nunua kichwa kipya cha teminali. Hicho ni kitu cha bei ya chakula cha mchana, si betri.

Kibaigwa Mahindi
Fundi, na betri yenyewe ikiwa imechoka? Dada, ina umri gani hiyo? Kutu inakuja pale betri inapovuja, na inayovuja ni mzee.

Binti wa Hombolo
Kaka mimi nilinunua gari likiwa nayo. Sijui ina umri gani. Kuna kijana wa ofisini amekuja na sanduku la spana, ndiye anafungua. Mlinzi ameleta maji ya moto kwenye chupa ya chai.

Mama Zabibu
Wakati anasafisha niulize na mimi. Nataka kubadilisha betri ya Raum, niko Makole. Betri ya maji au kavu? Muuza spea anasukuma kavu tu.

Fundi Umeme Nkuhungu
Mama, inategemea tabia yako. Ya maji ni rahisi, na joto la hapa likikausha unaongeza, sahani zake zisibaki wazi. Lakini uongeze maji ya betri ya dukani. Maji ya bomba yana chumvi, angalia tu birika lako lilivyoshika utando mweupe. Hayo ukiyatia kwenye betri unaiua. Kavu huifungui wala huiongezi kitu, na kwa mtu asiyefungua boneti mpaka gari ligome ndiyo inayomfaa. Tofauti ya bei usiilipie sifa. Mimi natazama zaidi tarehe ya kutengenezwa. Betri iliyokaa dukani kwenye rafu mwaka mzima bila kuchajiwa si mpya hata kama karatasi haijatoka. Na saizi iwe ileile ya gari, nguzo upande uleule, usibadili kwa kuwa "kubwa ni bora".

Mama Zabibu
Hiyo ya boneti imenigusa. Kavu basi.

Binti wa Hombolo
LIMEWAKA! Mara moja tu, hata sikumaliza kuzungusha funguo. Nguzo ya chanya ilikuwa nyeusi tii chini ya lile bati. Nashukuru sana jamani. Sasa kijana anasema ili tujue altaneta inachaji, achomoe hasi injini ikiwa inaunguruma. Lisipozima, altaneta nzima. Afanye?

Fundi Umeme Nkuhungu
Mzuie mkono! Hilo jaribio ni la magari ya zamani sana yasiyo na kompyuta. Betri ndiyo inatuliza umeme wa altaneta. Ukiitoa injini ikiwa hai, volti zinaruka na unaweza kuunguza kompyuta ya injini. Kila gereji ina mtu wa kufanya hivyo na kila gereji ina mteja aliyelia.

Pita kwa fundi yeyote mwenye mita hapo Nzuguni unapokwenda. Anahitaji vipimo vitatu tu. Gari likiwa limezimwa na limepumzika: volti 12.6 betri imejaa, 12.2 iko karibu nusu, chini ya 12 ina hali mbaya. Wakati wa kupiga stata: isishuke chini ya 9.6 au hapo jirani. Injini ikiwa inaunguruma: kati ya 13.8 na 14.5 hivi. Ikibaki 12 na kitu, altaneta haichaji, na hapo hata ununue betri ya dhahabu itaisha. Ikipita 15, inapika betri.

Kipimo cha pili aweke ncha za mita kwenye NGUZO za betri, kisha arudie kwenye VICHWA vya waya. Namba zikitofautiana sana wakati wa kupiga stata, mguso bado haujakaa sawa.

Dereva wa Area C
Hiki kipimo cha nguzo na kichwa sikuwa nakijua. Mafundi wengi wanaweka mita kwenye nguzo, wanaona 12.5, wanakwambia betri nzima, stata mbovu, leta hela ya stata. Tatizo liko sentimita moja kutoka pale walipopima.

Kijana wa Chimwaga
Na stata ikiwa kweli mbovu, bora kukarabati au kununua ya mtumba kutoka Japani?

Fundi Umeme Nkuhungu
Kaboni zikiwa zimekwisha, karabati, kazi ndogo. Koili ya ndani ikiwa imeungua, inanuka na imekuwa nyeusi, chukua ya mtumba, lakini ijaribiwe kwa betri mbele yako kabla hujatoa hela. Kuizungusha tu haitoshi, maana mezani haina mzigo. Omba angalau wiki moja ya kurudisha.

Binti wa Hombolo
Mrejesho. Nimepima Nzuguni. Limepumzika 12.4, kupiga stata imeshuka 10.3, linaunguruma 14.1. Nguzo na vichwa vinasoma karibu sawa. Fundi amenibadilishia kichwa cha chanya, gharama haikufika hata robo ya bredauni niliyotajiwa asubuhi. Betri amesema haina neno kwa sasa.

Kibaigwa Mahindi
"Kwa sasa." Ngoja Julai ile saa kumi na moja alfajiri, upepo wa Dodoma unakata masikio. Joto ndilo linaichosha, baridi ndiyo inayoitoboa siri. Tutaonana humu.

Fundi Umeme Nkuhungu
Hapo hujakosea. Dada, mwezi wa sita pima tena.

Msafiri Bahi
Wakuu samahani kuingilia. Noah yangu imenizimikia karibu na Bahi. Stata inapiga vizuri tu, injini inazunguka, haishiki. Nimewasha swichi nikatega sikio siti ya nyuma, pampu ya mafuta hailii kabisa. Niagize pampu Dodoma mjini iletwe kwa bodaboda?

Fundi Umeme Nkuhungu
Usiagize bado. Toyota nyingi pampu hailii ukiwasha swichi tu, inalia wakati stata inapiga. Mtu apige stata wewe ukiwa umetega sikio mdomoni mwa tenki. Isipolia, chomoa rilei yake, weka nyingine inayofanana kutoka kwenye boksi hilohilo, ujaribu. Ikilia na bado haishiki, toa plagi moja. Ikiwa imelowa petroli, mafuta yanafika na tatizo ni moto. Ikiwa kavu, hayafiki. Ilizima ghafla kama imekatwa, au ilikohoa kwanza?

Msafiri Bahi
Ghafla kama imekatwa. Mshale wa joto ulikuwa katikati.

Fundi Umeme Nkuhungu
Basi iache ipoe nusu saa, boneti wazi, kabla hujagusa chochote. Ikiwaka ikishapoa, fikiria sensa ya kranki, ile inayoiambia kompyuta injini inavyozunguka. Zile hufa kwa joto na kufufuka zikipoa. Hiyo ikitokea usikae kuizimazima njiani, njoo moja kwa moja mjini. Kama haiwaki hata ikipoa, rudi na jibu la plagi.