Tupeane uzoefu: unapimaje sanamu ndogo ya adui wa filamu, ile yenye viungo, kabla ya kutoa pesa?

Mzee wa Rafu (Ntinda)
Ndugu zangu, tuweke hapa vipimo, hadithi za nani aliuziwa nini tuziache. Nawataja maadui kwa makusudi. Steringi huvaa shati na suruali basi, lakini adui ana joho, ngozi, barakoa na makovu, kwa hiyo kiwanda kikilegea yeye ndiye anayeumbuka kwanza.

Naanza na rula. Kwenye kipimo cha 1:6, yaani sehemu moja ya sita ya mtu halisi, mtu wa sentimita 180 anatoka 30, kwenye 1:12 anatoka 15. Darth Vader, adui wa Star Wars, ana karibu mita 2, kwa hiyo kwenye 1:12 afike kama sentimita 17. Akilingana mabega na Luke Skywalker, steringi wa filamu hiyo, wa kipimo hichohicho, shuku: mafeki hutumia kiwiliwili kimoja kwa wahusika wote. Ila kampuni ya NECA ina maadui wengi wa sentimita 18 hivi, hao usiwahukumu kwa hesabu ya 1:12.

Dada wa Jinja
Mzee, shikamoo. Mimi naongezea uso. Toka nao nje kwenye mwanga wa mchana, maana taa ya duka huficha mengi. Mboni zote mbili zitazame upande mmoja. Rangi ya kovu ikae ndani ya mfereji uliochongwa. Ikipanda kwenye shavu, hiyo ni kazi ya haraka. Ukiona vidoti vidogo sana kwa kioo cha kukuzia usikatae, nyuso nyingi za siku hizi huchapwa kwa mashine.

Tena ijue filamu yenyewe. Barakoa ya Vader ya filamu ya 1977 ilikuwa na rangi mbili, nyeusi na kijivu cha chuma, kwa hiyo sehemu za kijivu si lazima ziwe kasoro. Freddy Krueger wa A Nightmare on Elm Street naye visu vyake ni vinne, mkono wa kulia. Ukivikuta kushoto, rudisha.

Fundi Bombo
Viungo. Anza na vifundo vya miguu, maana ndivyo vinavyobeba joho lote. Msimamishe juu ya kioo bila stendi, umwache robo saa. Akianza kuinama mbele, vifundo vimelegea.

Kiungo kikigoma usikilazimishe. Mara nyingi rangi imeingia kwenye tundu ikagandisha pini. Plastiki ikianza kuwa nyeupe pembeni ya pini, acha hapohapo, inakaribia kukatika. Chovya kiungo kwenye maji ya moto yasiyochemka, dakika moja au mbili, kisha zungusha kidogokidogo. Maji yanayochemka hupinda panga na vidole. Mwenye nguo, ngozi au taa usimchovye kabisa, tumia draya ya nywele kwa umbali wa sentimita 15.

Kilicholegea kinatibika: tone la gundi nyeupe ya mbao ndani ya tundu, ukichezesha mpaka ikauke. Supagluu ikikukimbia mkono, umeshapata sanamu isiyopiga goti.

Mzee wa Rafu
Asante Fundi. Sasa ngozi, na hapa ndipo pesa nyingi zinapopotelea. Makoti mengi ya 1:6 ni ngozi bandia ya PU (plastiki ya poliurethani), na PU huharibiwa na unyevu wa hewa. Sisi wa Kampala, Entebbe na Jinja tunaishi kandokando ya ziwa, unyevu ni wa kila siku. Boksi ambalo halijafunguliwa haliikingi: koti la miaka kumi linaweza kuchanika siku ya kwanza kuvaliwa. Bonyeza kwa kidole kikavu kwenye kola na kwenye mkunjo wa kiwiko. Ikinata, au ukikuta unga mweusi chini ya boksi, hiyo imekwisha, na mafuta ya kupaka hayairudishi. Iliyo nzima iweke kwenye kabati la kioo lenye vifuko vya silika vya kufyonza unyevu, mikono ikiwa imenyooka. Usiifunge kwa nailoni.

Dada wa Jinja
Na joho la kitambaa, pima mshono. Tundu hadi tundu milimita 3 kwenye 1:6 ni sawa na karibu sentimita 2 kwa mtu mzima. Hilo ni gunia.

Fundi Bombo
Mwili wa PVC ukinata si lazima awe feki, ni kilainishi kinachotoka kwenye plastiki. Maji ya uvuguvugu, sabuni ya vyombo matone mawili, mswaki laini, kisha umwanike kivulini siku nzima. Spiriti hapana, inaondoka na rangi.

Mgeni wa Malaba
Habari zenu. Zile za soko la Owino, Kampala, zinazotoka kwenye marobota ya mivumba hazina boksi, unajuaje orijino?

Mzee wa Rafu
Karibu, ndugu. Geuza nyayo na mgongo utafute jina la kampuni na mwaka. Herufi ziwe kali, zisiwe zimeyeyukiana. Lakini usidanganyike na mwaka huo, mara nyingi ni wa hakimiliki au wa kalibu, si wa siku aliyotengenezwa. Kwa anayeagiza nje, bei ya mtandaoni ongeza nauli na ushuru, kisha VAT ya asilimia 18 inapigwa juu ya vyote hivyo.

Fundi Bombo
Wenye taa, fungua kifuniko cha betri kabla ya kulipa. Ukoko mweupe kidogo kwenye chemchemi unatoka kwa siki na pamba ya masikio. Ukiwa wa kijani na chemchemi imeliwa, toa bei ya sanamu isiyo na taa.