Maple Leafs: Marner ameondoka, tumeachiwa Roy, na bado tunaambiwa tuwe na subira

Wadau, nimejizuia tangu Julai 2025 nikidhani hasira itapoa. Haijapoa. Msimu wa 2025/26 wa hoki ya barafu unaanza Oktoba, na kila nikiwasha simu nakuta mashabiki wenzangu wa Toronto Maple Leafs, timu yetu ya Kanada, wakipongezana eti timu sasa ina roho mpya. Roho mpya gani? Mshambuliaji wetu Mitch Marner ameenda Vegas, nasi tumepewa Nicolas Roy. Basi. Aliyemaliza msimu uliopita na pointi 102, yaani mabao na pasi za mabao kwa pamoja, amebadilishwa na mchezaji wa pointi 31, kisha tunatakiwa tushukuru kwa kuwa angeweza kuondoka na tusipate hata huyo.

Roy simlaumu. Ni mchezaji mwenye bidii, na Kombe la Stanley, kombe la ubingwa wa ligi, alishalibeba na Vegas mwaka 2023. Marner pia sina ugomvi naye, ingawa najua wengi wenu hapa mnamtukana. Misimu tisa, mechi 657, pointi 741, kisha mkataba ulipokuwa unaisha akajitafutia pa kwenda, miaka minane kwa dola milioni 12 kwa mwaka. Nani kati yetu angekataa?

Ninaowalaumu ni viongozi. Mwaka 2021 tuliongoza Montreal kwa mechi 3-1 kwenye mchujo, ambako anayeshinda mechi nne kwanza ndiye anayesonga mbele, tukapoteza tatu mfululizo tukatolewa. Hawakugusa kitu. Mwaka 2022 Tampa Bay wakatutoa katika mechi ya saba. Hawakugusa kitu. Mwaka 2023 tukaitoa Tampa Bay, ushindi wetu wa kwanza wa duru ya mchujo tangu 2004, halafu Florida wakatucharaza katika mechi tano tu. Na hapo ndipo penye kidonda changu: kifungu kilichompa Marner haki ya kukataa kuhamishwa kilianza kufanya kazi tarehe 1 Julai 2023. Kabla ya siku hiyo, klabu ingeweza kumpeleka popote na kudai wachezaji wawili watatu wa maana. Baada ya siku hiyo, lazima yeye mwenyewe akubali. Tarehe ile ilikuwa imeandikwa kwenye mkataba tangu 2019! Lakini mwezi wa Mei walikuwa wanamfukuza meneja mkuu Kyle Dubas, mwisho wa mwezi wakamleta Brad Treliving achukue nafasi yake, na Juni ikapita hivyo hivyo. Hata mwenye duka la mtaani anajua maziwa yake yanaharibika lini, na huyauza kabla.

Msiniambie haiwezekani kumuuza mchezaji anayependwa na mji mzima. Wenye timu hii ndio wenye Raptors wa mpira wa kikapu, na timu zote mbili zinachezea jengo moja. Julai 2018 Masai Ujiri, aliyekuwa bosi wa Raptors, alimtoa DeMar DeRozan, kipenzi cha Toronto, naye pia alikuwa amecheza hapo misimu tisa. Akamchukua Kawhi Leonard, ambaye mkataba wake ulikuwa umebaki mwaka mmoja tu. Watu walimlaani Masai. Mwaka 2019 Raptors wakawa mabingwa wa NBA. Masai mama yake ni Mkenya, ni mpwa wetu kabisa, na aliwaonyesha wale wa ghorofa ya hoki jinsi jambo linavyofanywa. Walimtazama tu. Brendan Shanahan alikaa kwenye kiti cha urais wa klabu kuanzia 2014 hadi Mei 2025, na kwa miaka yote hiyo jibu lilikuwa moja: tuwape vijana muda.

Muda! Toronto walishinda Kombe la Stanley mara ya mwisho mwaka 1967. Mzee Jomo Kenyatta ndiye aliyekuwa Ikulu. Nchi hii imepita kwa marais watano na Toronto hawajafika hata fainali. Wakati ule ligi ilikuwa na timu sita, leo zipo 32. Nawasikia mashabiki wa Arsenal hapa Nairobi wakilia kuhusu 2004 na moyo wangu hauwahurumii hata kidogo.

Turudi kwa mwezi wa Mei 2025, maana kuna watu wameanza kusahau. Tulikuwa tumemaliza juu ya kundi letu na pointi 108. Tukawatoa Ottawa. Tukashinda mbili za kwanza dhidi ya Florida, waliokuwa mabingwa watetezi. Mechi ya tatu tukaongoza 3-1, tukaachia, tukafungwa 5-4 katika muda wa nyongeza. Mechi ya tano nyumbani, 6-1. Mechi ya saba nyumbani, tena 6-1. Ile ya saba kwetu ilianza saa nane na nusu usiku wa kuamkia Jumatatu. Kuna watu tuliokesha, Umoja, Lang'ata, Rongai, tukichangishana bando, kisha alfajiri tukapanda matatu kwenda kazini. Kipindi cha kwanza hakuna bao, nikaamini. Kipindi cha pili Florida wakafunga matatu. Hiyo ilikuwa mechi ya saba ya sita kupotezwa na kundi hili la nahodha wetu Auston Matthews, katika sita walizocheza. Sita kwa sita! Halafu mtu anakuja hapa kuandika kwamba ni bahati mbaya.

Wale mnaouliza Mkenya anahusiana nini na barafu, mniache. Tuna uwanja wa barafu Mombasa Road tangu 2005, tuna vijana wetu wa Ice Lions, timu ya Kenya ya hoki ya barafu, na 2024 Kenya ilikubaliwa kwenye shirikisho la kimataifa la hoki ya barafu. Mimi nilianza kuupenda mchezo huu kwa kuwatazama hao vijana. Mmiliki wa baa moja mtaani kwetu alinifukuza nilipomwomba abadilishe chaneli, akaniambia niende nikaangalie friji. Sitamjibu. Sihitaji ruhusa ya mtu kupenda timu.

Na bado naipenda, ndiyo maana naumia. Msimu huu natumaini, na situmaini kwa upofu. Matthews alifunga 69 msimu wa 2023/24, uliopita akafunga 33 kwa sababu ya majeraha. Akiwa mzima, hakuna beki anayelala. William Nylander alifunga 45. Matthew Knies alikuwa na miaka 22 tu alipofunga 29, na ndiye ninayempenda zaidi kwa sababu haogopi kusimama mbele ya lango anakopigwa fimbo za mgongo. John Tavares amekubali kushuka kutoka dola milioni 11 hadi milioni 4.38 kwa mwaka ili abaki nyumbani. Huyo ni mtu! Kipa Anthony Stolarz aliongoza ligi nzima kwa kuzuia asilimia 92.6 ya mikwaju, kisha akaumizwa mechi ya kwanza tu dhidi ya Florida. Kocha Craig Berube alibeba kombe na St. Louis mwaka 2019, timu iliyokuwa mkiani mwa ligi mwezi Januari. Hizi si sababu ndogo.

Lakini nani atatoa pasi zile? Wapinzani wakitolewa mmoja nje kwa adhabu, Marner ndiye aliyekuwa anapanga kila kitu kutoka pembeni. Treliving hakutuambia nani angefanya kazi hiyo. Kikomo cha mishahara, yaani jumla ambayo klabu inaruhusiwa kulipa wachezaji wake, kimepanda kutoka dola milioni 88 hadi milioni 95.5, nafasi ilikuwepo, na dirisha lote hatukuona hata mshambuliaji mmoja wa daraja la juu akija.

Ninachodai ni kitu kimoja. Mkataba wa Matthews unaisha 2028. Kuanzia Julai 2027 anaweza kusaini mwingine. Viongozi wamwulize mapema, waziwazi, kama anabaki. Akisema ndiyo, wajenge timu kumzunguka sasa hivi, si mwaka wa mwisho. Akisita, wakae naye chini mapema watafute pa kumpeleka kwa makubaliano, klabu ipate kitu cha maana. Wakirudia mchezo wa Marner kwa nahodha, nitaacha kuamka usiku kwa ajili yao, na sisemi hivyo kwa hasira ya leo.

Mechi ya kwanza ni dhidi ya Montreal, kwetu ni usiku wa kuamkia Alhamisi tarehe 9 Oktoba 2025, saa nane. Nitakuwa macho. Na wewe unayekuja kujibu hapa kwamba tuwe na subira, kabla hujaandika, nitajie kiangazi kimoja kati ya 2021 na 2024 ambacho kutofanya lolote kulitusaidia.