Nimeacha kuamini: je, nikisema wazi nitapoteza nini?

Kijana wa Langoni, Lamu: Ndugu zangu, nimeoa na nina mtoto mmoja, na kwa muda mrefu sasa moyo wangu hauna imani, ingawa kila Ijumaa naingia msikitini pamoja na baba ili watu wasimuulize niko wapi. Kinachonichosha zaidi ni jioni: tunapokaa barazani na adhana ya magharibi ikaingia, wazee huweka bao kando, huvaa ndara zao na kuinuka kwa pamoja, kiasi kwamba atakayebaki ameketi atakuwa amekwisha kujieleza bila kufungua mdomo. Je, sheria inanilinda kwa kiasi gani?

Wakili, Malindi: Ndugu yangu, mbele ya serikali huna kosa. Kifungu cha 32 cha Katiba ya 2010 kinakupa uhuru wa dhamiri na imani, na Kenya haina sheria inayomwadhibu mtu kwa kuritadi, yaani kuuacha Uislamu. Hatari yako iko nyumbani. Mtu akifa akiwa Mwislamu, mali yake hugawanywa kwa sheria ya Kiislamu, kwa kuwa Sheria ya Urithi imemtoa katika masharti yake, na katika sheria ya Kiislamu asiye Mwislamu hamrithi Mwislamu. Kwa hiyo nduguzo wakitaka kulitumia tamko lako siku ya kugawa nyumba ya baba, watalitumia. Ndoa nayo, kwa madhehebu ya Shafii yanayofuatwa na wengi pwani, huvunjika ikiwa aliyeritadi hakurejea kabla ya eda, muda wa mke kungoja, kwisha. Tena Mahakama ya Kadhi, kwa kifungu cha 170 cha Katiba, husikiliza mashauri ya Waislamu waliokubali mamlaka yake, hivyo hata mahali pa kulipeleka shauri lako patazua ubishi.

Mtu wa Mkomani: Unafiki una gharama yake pia. Sensa ya 2019 ilihesabu Wakenya zaidi ya 755,000 wasio na dini, na chama cha wasioamini Mungu kilichosajiliwa 2016, kikasimamishwa mwaka huohuo, kilirudishiwa haki yake na Mahakama Kuu. Sema, yaishe.

Bibi wa Shela: Yaishe kwa nani? Mahakama haiwezi kumwamuru jirani aje mazikoni kwenu. Mwanangu, atakayeanza kulipa ni mama yako: arusini wanawake watanyamaza akipita, na wapo watakaomwambia usoni kwamba hakujua kulea. Shemeji zako nao watakuja kumchukua dada yao pamoja na mtoto, na hakuna shehe atakayewazuia. Kwa hiyo wa kwanza kuambiwa ni mkeo, faraghani, kwa sababu ndiye mwenye haki ya kujua na ndiye atakayepoteza pamoja nawe; asije akayapata kwa jirani, maana kuta zetu zimegusana. Baba mwache kwa sasa. Kufuatana naye Ijumaa ukiwa kimya ni heshima ya mwana kwa mzazi wake, na mimi siuiti unafiki, ijapokuwa huyo wa Mkomani atanipinga.