Kisutu cha marehemu bibi: nikifue au nikiache na harufu yake?

BintiKashani: Bibi mzaa mama ameacha doti ya kisutu (kanga ya harusi yenye nyekundu, nyeusi na nyeupe), imekunjwa nne kashani miaka mingi. Bado inanukia udi na asumini, ila mikunjo imekuwa ya kahawia na pembeni pana vidoa vya kutu. Mama hataki ifuliwe. Mama mdogo anasema italiwa na mende. Nasi wajukuu tuko wawili. Tuikate?

FundiLeso: Msikate! Na pima rangi kwanza. Lowesha pamba nyeupe maji baridi, ibonyeze juu ya nyekundu nusu dakika, kisha nyeusi. Rudia kwa maji ya sabuni, maana ipo rangi inayotulia kwenye maji matupu ikaachia kwenye sabuni. Pamba ikitoka nyekundu, hakuna kufua. Weupe utageuka waridi moja kwa moja. Chumvi na siki hazizuii.

Isipochuja: beseni pana, sabuni ya maji isiyo na manukato, kijiko cha chai kwa lita 5. Ilaze juu ya chandarua uinue chandarua, si nguo, kwani uzito wa maji huchana mikunjo iliyochoka. Usikamue. Anika kivulini juu ya taulo. Kutu iache: jiki huizidisha, ndimu huitoa lakini hula uzi na rangi.

MwanaUnguja: Harufu ikifuliwa hairudi, mama yako ana haki. Lakini doti ni vipande viwili: fueni kimoja, kingine kibaki na bibi yenu. Ukahawia ule huenda ni asidi ya mbao za kasha, na maua ya asumini yakikauka juu ya nguo huacha madoa, basi msiongeze mengine. Viringisheni kila kipande kwenye marekani (kitambaa cha pamba kisichotiwa rangi) iliyofuliwa wanga ukatoka. Mfuko wa plastiki hapana, masika utaota ukungu. Mende hufuata wanga na jasho, kwa hiyo kile kisichofuliwa kikagueni kila mwezi.

BintiKashani: Ahsanteni. Basi kimoja changu, kimoja cha mdogo wangu?

Mwanamirathi: Taratibu. Kwa sheria ya Kiislamu, mama yenu akiwa hai nyinyi hamna fungu. Labda bibi aliwakabidhi mwenyewe kama hiba (zawadi akiwa hai), au aliusia (mwisho theluthi ya mali, baada ya madeni), au warithi wote wameridhia. Waulizeni kabla ya kugusa beseni.

FundiLeso: Na muulizeni mama ni somo (kungwi) gani aliyemfunga bibi kisutu hicho, na mwaka gani. Andikeni kwa penseli kwenye utepe wa pamba, mshone pindoni kwa mishono miwili. Msitumie pini, vidoa vile huenda vimetoka hukohuko.