Naomba ushauri: nataka kujitengenezea riakta ya maji ya chokaa kwa tangi la matumbawe, niko Arusha

SakinaBaharini

Wakuu, habari za jioni. Nina tangi la maji chumvi, lita 200 ukijumlisha na sampu (tangi dogo la chini lenye pampu na filta). Ndani kuna matumbawe laini na machache magumu, na haya magumu sasa yameshika kasi: alkaliniti (uwezo wa maji kuhimili asidi, ambao matumbawe huutumia kujenga mifupa; hupimwa kwa dKH) inashuka karibu dKH 0.5 kwa siku. Kalsiamu iko 410, magnesiamu 1300 (miligramu kwa lita). Maji yanayopotea kwa mvuke ni kama lita 2 kwa siku.

Nataka kuanza kutumia maji ya chokaa, yale wanayoita kalkwasser, na riakta, yaani kifaa cha kuchanganya chokaa na maji ya kujazia, nijenge mwenyewe. Nimepata hauzingi (kopo la nje) ya filta ya inchi 10, ile ya kuonesha ndani. Chini yake naweka feni ya kompyuta niliyoibandika sumaku za diski mbovu ya kompyuta (hard disk), izungushe kijiti cha sumaku kilichomo ndani. Maji safi yaingie, yaliyokolea yatoke juu kwenda kwenye sampu, na pampu iongozwe na boya, liiwashe maji ya sampu yakishuka. Je, itafanya kazi? Na chokaa ya kupaka ukuta, ile ya mfuko, inafaa? Maana bei yake ni ya kutupa.

FundiKoki_Majengo

Mkuu, hapa Moshi nimeshafunga moja ya namna hiyo, inafanya kazi. Ila usitegemee mpangilio wa kawaida wa hauzingi. Ingiza kibomba chembamba kishuke hadi karibu na kitako, ili maji mapya yapenye kwenye chokaa iliyotulia chini kisha yapande taratibu. Pampu iwe upande wa maji safi. Ukiipitisha maji ya chokaa yenyewe itaziba, utakuwa unaiosha kwa siki kila mara.

Feni usiiache izunguke muda wote. Weka taima, dakika chache kila baada ya saa kadhaa, na wakati huo pampu isiwe inasukuma. Unachotaka kitoke juu ni maji maangavu. Ukiona weupe kwenye mpira wa kutokea, chokaa nzima nzima inaingia kwenye tangi.

Na ule mpira uishie juu ya maji ya sampu, usizame. Umeme ukikatika maji chumvi yatarudi kinyumenyume kwenye riakta.

MamaTangi

Chokaa ya ukuta hapana, dada/kaka yangu. Ile imechomwa kwa ajili ya nyumba, ina magnesiamu na takataka za mawe ambazo hakuna aliyezipima. Nenda maduka ya kemikali za maabara, ulizia kalsiamu haidroksaidi safi au ile ya daraja la chakula. Soma lebo: Ca(OH)2. Ukikuta CaO (chokaa isiyozimwa) iache, ile ikikutana na maji inachemka na inaweza kukuunguza. CaCO3 (unga wa mawe ya chokaa) nayo haitayeyuka, utabaki na unga tu.

Halafu, una watoto nyumbani? Maji haya yakitulia huwezi kuyatofautisha na ya kunywa, na pH yake ni 12.4. Usiyaweke kamwe kwenye chupa za maji ya dukani. Glavu na miwani wakati wa kupima unga, maana vumbi lake likiingia jichoni si mchezo.

Mswahili_wa_Tanga

😂 Huku pwani wazee walichoma matumbawe wapate chokaa ya kujengea, ninyi wa mlimani mnanunua chokaa mlishe matumbawe. Haya bwana. Natumaini hayo magumu umeyapata kwa mwenye kibali, maana yamo kwenye orodha ya CITES, ule mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe vilivyo hatarini.

SakinaBaharini

@Mswahili_wa_Tanga ni vipande vya kukatwa kutoka kwa jamaa wa Dar mwenye karatasi zake, ondoa shaka. @MamaTangi mimi ni kaka 😀, na watoto wapo, nimekuelewa.

MzeeKibo

Kijana, riakta ni nzuri lakini tupige hesabu kwanza. Maji ya chokaa yaliyokolea kabisa yana takriban gramu 1.5 hadi 1.7 kwa lita. Lita moja ya hayo ndani ya tangi lako la lita 200 inapandisha alkaliniti kwa dKH 0.57 hivi, na kalsiamu kwa miligramu 4 kwa lita.

Sasa wewe unapoteza lita 2 kwa siku. Riakta inatoa maji yaliyokolea, haijui matumbawe yako yana njaa kiasi gani. Lita 2 ni dKH 1.1 kwa siku, wakati tangi linakula 0.5. Alkaliniti itapanda bila breki. Mwenye tangi limejaa matumbawe magumu ndiye anayeihitaji hiyo mashine.

Wewe chukua chombo chenye mfuniko, changanya gramu 1.3 kwenye lita 2, hapo ndipo penye mahitaji yako ya siku. Acha itulie. Juu patafanya utando mwembamba mweupe kama ganda la yai, usiuvunje wala kuukoroga, ni chokaa iliyokutana na hewa. Mpira wako unyonye kati, juu ya mashapo ya chini. Kisha dondosha usiku kwa mpira wa dripu wa duka la dawa, tone kwa tone, mahali penye mkondo mkali kwenye sampu. Usiku ndipo pH inaposhuka.

SakinaBaharini

Shikamoo mzee. Hesabu hiyo sikuwa nimeiona popote. Kwa hiyo boya niachane nalo?

MzeeKibo

Marahaba. Boya unaweza kulitumia, ila chombo kiwe kidogo. Likikwama, na siku moja litakwama, kitamwagika kilichomo tu. Lita 4 za mchanganyiko huo zikiingia kwa mkupuo zitapandisha dKH 1 hivi, pH itaruka, utashtuka, basi. Ndoo ya lita 20 iliyokolea ni dKH 11: hapo tangi linageuka jeupe na asubuhi unazika samaki.

Kumbuka pia mvuke hubadilika kwa majira. Mvuke ukipungua na dozi inapungua, kwa hiyo pima alkaliniti upya na urekebishe gramu.

Njiro_Reefer

Nyongeza mbili. Maji ya kujazia yapitishe kwenye RO (chujio la utando, reverse osmosis), usijaribu ya bomba wala kisima. Floraidi ya Arusha unaijua, ndiyo inayotupaka meno rangi ya kahawia. Maji yanapaa, floraidi inabaki, na kila ukijazia unaongeza.

Pili, pH yako ya usiku ni ngapi? Kama jiko la mkaa liko karibu, na madirisha mnayafunga kwa baridi, hewa ya ukaa ndani ya nyumba inaishusha. Pima madirisha yakiwa yamefungwa, kisha yakiwa wazi.

SakinaBaharini

Usiku ni 7.9, na jikoni ni ukuta wa pili. Leo nalala dirisha wazi na blanketi mbili, kesho nitaweka namba hapa. Hauzingi naihifadhi kwanza. FundiKoki, mpira wa dripu unaufungaje usivuje kwenye mfuniko, silikoni au gundi ya PVC?

FundiKoki_Majengo

Silikoni ya akwariamu, iache ikauke usiku mzima. Gundi ya PVC haishiki mpira laini.