Kuendeleza katuni ya gazetini baada ya mchoraji kufariki: nianzie wapi?

Mchora_Tanga
Wadau, habari za leo. Familia ya mchoraji mmoja marehemu imenikabidhi masanduku mawili ya michoro yake ya katuni ya gazetini: fremu tatu au nne, siku sita kwa wiki. Mhariri anataka mfululizo uendelee kwa mkono wangu, na familia imekubali kwa mdomo. Mingi ni wino kwenye karatasi nene, mingine ina selotepu iliyogeuka rangi ya chai, na mingine imebaki vipande vya gazeti tu. Mhusika mkuu ni mzee wa kanzu na kofia ya viua, wasomaji wanamjua kama jirani yao. Naomba msaada: nihifadhije hivi vilivyopo, na nijiandaeje kuchora vipya bila kumharibu mzee wa watu?

WinoMweusi
Ndugu, usichore chochote kwanza. Orodhesha. Kila mchoro upate namba, tarehe ya kuchapwa kama inajulikana, maneno ya fremu ya kwanza, na hali ya karatasi. Namba iandike nyuma kwa penseli laini ya 2B, pembeni, bila kukandamiza. Usitumie bolpeni, maana alama yake hutokeza upande wa mbele.

Kuskani: tumia skana bapa, kamwe si ile inayovuta karatasi. Nukta 600 kwa inchi, kwa rangi hata kama mchoro ni mweusi na mweupe, uhifadhi kama TIFF (aina ya faili la picha lisilopunguza ubora). Rangi ndiyo inayobakiza penseli ya buluu ya rasimu, tipeksi na maandishi ya mhariri pembezoni, na hayo ni sehemu ya historia ya kazi. Mchoro usioenea kwenye kioo uskani kwa vipande viwili vinavyopishana sentimita 4 hivi, karatasi ikiwa imeelekea upande uleule, la sivyo mistari ya fremu haitaungana sawasawa. Faili liitwe kwa tarehe na namba ya mchoro, mfano 1983-05-17_0412, ili yajipange yenyewe.

Vipande vya gazeti: weka karatasi nyeusi nyuma yake unaposkani. Ukiweka nyeupe, maandishi ya upande wa pili yatapenya na kuchafua nyuso za wahusika.

Faili la asili usiliguse tena. Kazi zote za kusafisha zifanyie nakala. Kuwe na nakala tatu, moja ikae nje ya nyumba hiyo.

Uhifadhi wenyewe: majalada yasiyo na asidi, karatasi ya kutenganisha kati ya mchoro na mchoro, vilazwe na visisimamishwe. Uko Tanga, kwa hiyo adui yako mkubwa ni unyevu. Ukipita kama asilimia 65 ukungu huanza kuota. Sanduku lisikae sakafuni wala lisiegemee ukuta wa nje, na usifunge michoro kwenye mifuko ya plastiki, kwani jasho hubaki ndani. Toa pini zote za stepla na klipu kabla hazijaacha kutu. Usilamineti hata mmoja.

Fremu_ya_Nne
Mkuu hapo juu amemaliza upande wa karatasi, nami niseme upande wa mkono.

Chagua miaka ambayo mtindo wa marehemu ulikuwa umetulia. Miaka ya mwanzo mchoraji huwa bado anatafuta, na ya mwisho mara nyingi mkono umechoka. Toa katuni 30 za kipindi hicho upime kwa rula: urefu wa mwili wa mzee ni sawa na vichwa vyake vingapi? (Wahusika wengi wa katuni wako kati ya vitatu na vitano, na ukikosea nusu kichwa tu msomaji anahisi kuna mtu mgeni.) Herufi zina urefu gani? Kiputo kimoja kinabeba maneno mangapi? Weusi mzito anauweka wapi, na katika fremu ya ngapi? Mwisho unachekesha kwa maneno au kwa uso usiosema kitu?

Kisha weka michoro 20 kwenye meza ya mwanga uinakili mstari kwa mstari, kwa kalamu ya aina aliyotumia yeye. Nibu inayopanuka na kusinyaa haitoi mstari wa kalamu ya kisasa yenye ncha moja. Nakala hizo ni za kujifunzia, zisichapwe. Angalia kofia hasa: mchoraji mzoefu hachori viua vyote, hutumia mikwaruzo michache inayofuata mviringo wa kichwa. Anayerithi huanza kuvijaza kimoja kimoja, na kofia inakuwa nzito kuliko uso.

Tengeneza pia daftari la dunia ya katuni: nani ni mtoto wa nani, mlango wa nyumba uko upande gani, mkewe anamwitaje. Kama kwa miaka yote alimwita "Baba Fulani", siku ukimwandikia jina lake tupu barua zitamiminika kwa mhariri, na wasomaji watakuwa na haki. Vijana wanamwamkia vipi? Anajibu "marahaba" au anaguna? Haya humponza mrithi kuliko mchoro.

Usianze kuchapwa kabla ya kuwa na akiba ya katuni 36, yaani wiki sita. Homa moja ya siku nne bila akiba inatosha kuleta mchoro wa haraka, na mchoro wa haraka ndio wasomaji watakaokupimia.

Haki_na_Kalamu
Ridhaa ya mdomo haitoshi. Kumiliki karatasi na kumiliki hakimiliki ni mambo mawili. Kenya na Tanzania Bara, kazi ya sanaa hulindwa maisha ya msanii na miaka 50 baada ya kifo chake. Uliza kwanza kama marehemu alikuwa mwajiriwa wa gazeti au aliuza kazi moja moja, kwani mwajiriwa bila makubaliano tofauti kwa kawaida haki za kiuchumi huwa za mwajiri. Mkataba utaje: nani anaidhinisha mhusika mpya, marudio yanalipwaje, vitabu na mitandao, na nani atabaki na michoro yako. Sahihi ya marehemu usiiige. Andika jina lake kama mwasisi, kisha jina lako.

Na mkubaliane mapema kama kweli iendelee. Charles Schulz, Mmarekani aliyechora katuni ya Peanuts, alifariki Februari 12, 2000, na katuni mpya ya mwisho ikatoka kesho yake. Familia haikutaka mtu mwingine aichore, magazeti yakaendelea na marudio. Prince Valiant, katuni nyingine ya Marekani, ilikwenda njia nyingine: mwasisi wake Hal Foster alimkabidhi John Cullen Murphy uchoraji akiwa hai, huku yeye akiendelea kwa miaka kuandika na kumpangia fremu. Nancy, nayo ya Marekani, ilipopata mchoraji mpya mwaka 2018, alibadili mengi waziwazi. Huku kwetu, Juha Kalulu wa gazeti la Taifa Leo la Kenya wasomaji walimzoea kwa miongo kwa mkono wa Edward Gitau. Kwa katuni ya namna hiyo mimi ningechapa marudio miezi mitatu kwanza, msiba upoe.

Mchora_Tanga
Asanteni sana, wakuu. Selotepu niitoeje? Na karatasi nyingine zimekuwa njano huku zina penseli ya buluu, nizisafisheje kwa ajili ya kuchapa?

WinoMweusi
Selotepu usiivute, itaondoka na wino. Wala usitie petroli au joto. Skani ikiwa hapohapo, kisha mwachie mtaalamu wa uhifadhi wa nyaraka. Plastiki iliyokwisha kudondoka yenyewe, weka kando.

Kwenye programu, tenganisha chaneli za rangi, yaani tabaka za nyekundu, kijani na buluu zinazounda picha. Chaneli nyekundu huifanya njano ionekane nyeupe, lakini penseli ya buluu hutokea nyeusi. Chaneli ya buluu hufuta penseli, ila njano inakuwa giza. Ukiwa na vyote viwili, chagua rangi ya buluu pekee uipaushe, ndipo uchukue chaneli nyekundu. Kuza nakala hadi nukta 1200 kabla ya kuigeuza nyeusi-nyeupe tupu, mistari haitakuwa na meno. Penye filamu ya nukta za kijivu (ile inayobandikwa kutia kivuli) usifanye hivyo: acha kijivu na usibadili ukubwa ovyo, kwani nukta zitatengeneza mawimbi gazetini.

Zilizokosekana kabisa, katafute magazeti yenyewe: Nyaraka za Taifa Nairobi, au East Africana, mkusanyo wa maktaba pale Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Nenda na orodha ya tarehe, usiende na majina ya vichekesho.