Huyu Cochrane alikuwa mamluki au mpigania uhuru?

Wakuu habari, kuna kitu kinanisumbua. Thomas Cochrane, Mskoti, ofisa wa jeshi la majini la Uingereza, mwaka 1814 anatiwa hatiani kwenye ile kesi ya utapeli wa soko la hisa London, anafukuzwa jeshini, halafu 1818 huyo yuko Valparaíso anakabidhiwa manowari za Chile. Akitoka hapo Brazil, akitoka hapo Ugiriki. Mi naona mtu anayebadili bendera hivyo ni mamluki tu, lakini Chile wanamuenzi hadi leo wana manowari yenye jina lake. Inakuwaje nchi inampa mgeni jeshi lake lote la majini?

Nanga Tatu
Mkuu jiulize kwanza Chile ilikuwa na nani. Blanco Encalada, mkuu wa manowari za Chile kabla ya Cochrane, alikuwa na miaka 28 tu, na ubaharia wa vita aliusomea kwa Wahispania haohao wanaopigana nao. Na ndo huyo aliyekubali kumpisha Cochrane akawa chini yake, mi hapo namvulia kofia kabisa. Sasa angalia walichopata. Februari 1820 Cochrane anaiteka Valdivia, ngome ya Wahispania kusini mwa Chile, kwa wanajeshi mia tatu na kitu, ngome zenye mizinga kibao, wanashuka ufukweni wanapiga usiku. Novemba 5 mwaka huohuo kule Callao, Peru, anaingia bandarini na mashua 14, watu wamevaa nguo nyeupe ili wajuane gizani, wanaivamia Esmeralda, manowari ya Wahispania, yeye mwenyewe anapigwa risasi ya paja. Ngome zikaanza kufyatua, kulikuwa na meli za kigeni pale zikawasha taa za kujitambulisha zisipigwe, basi na Esmeralda ikawasha taa zilezile! Wapiga mizinga wakabaki hawajui nani ni nani.

mdau_wa_pwani
Ushujaa sawa, ila hela je? Mbona hamsemi 1821 kule Ancón, Peru, alizichukua kwa nguvu pesa za serikali ya San Martín, jenerali aliyekuwa anaiongoza Peru? Hapo umamluki umejionyesha.

Nanga Tatu
Aliwalipa mabaharia mkuu, watu walikuwa hawajalipwa muda mrefu na wanakaribia kuasi. Baharia mgeni hana shamba wala ndugu pale, mshahara usipotoka unategemea abaki kwa lipi?

Bi Tanga
Naongezea kidogo. Hii kazi ilikuwa na hatari ambayo wengi hatuifikirii, 1819 Uingereza ilitunga sheria ya kuwakataza raia wake kutumikia majeshi ya nje, kwa hiyo alipochukua kazi ya Brazil 1823 alikuwa anacheza na sheria ya kwao. Na wenyeji nao ukishawamalizia vita wanaanza kukuona mzigo. John Paul Jones, shujaa wa Marekani, alienda Urusi 1788 akapewa u-admirali akapigana na Waturuki, fitina zikamtoa, akafia Paris 1792. Cochrane angalau alirudishwa jeshini kwao 1832.

Muuliza swali
Asanteni sana. Neno mamluki nalirudisha kwa upande wa Chile. Brazil bado sijashawishika, kule aligombana na serikali kuhusu hela za nyara mpaka akaondoka, mwenye maelezo zaidi ya Maranhão, lile jimbo la kaskazini mwa Brazil, aje.